Uzi: Kumpendekeza mtetezi wa haki za LGBT kwa tuzo ya kimataifa (ridhaa, fomu, barua, viza na usalama wake)

Karani wa Zamu · #1

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaotaka kumpendekeza mtu ambaye kazi yake imebadili maisha ya mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia au huntha (waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo ya kiume wala ya kike waziwazi) katika nchi zetu. Tuzo hizi zimeshafika kwetu. Kasha Jacqueline Nabagesera wa Uganda alipewa tuzo ya Martin Ennals mjini Geneva mwaka 2011, ya Nuremberg 2013, kisha Right Livelihood 2015, ile ile aliyopewa Wangari Maathai mwaka 1984. Frank Mugisha, naye wa Uganda, pamoja na SMUG (Sexual Minorities Uganda, shirika la kutetea haki za LGBT) walipewa tuzo ya Rafto, Bergen, Norwei, 2011, na mwaka huo huo Mugisha akapata ya Robert F. Kennedy. Alice Nkom, wakili wa Kameruni anayewatetea mahakamani walioshtakiwa kwa mapenzi ya jinsia moja, alitunukiwa na Amnesty ya Ujerumani mwaka 2014.

Naanza na ridhaa, kwa sababu wengi huiacha hadi mwisho. Fomu ya pendekezo ina jina, picha, mji, mahali pa kazi, na maelezo ya kile mtu anachofanya. Hayo ndiyo yaliyochapishwa na gazeti la Rolling Stone la Kampala Oktoba 2010 (halina uhusiano na jarida la Marekani lenye jina hilo), likiwaita watu mashoga na kutaka wanyongwe. Habari ni zile zile. Kinachoitenga fomu yako na ukurasa ule ni kwamba mhusika amekubali, na anajua nani ataisoma.

Basi ridhaa iombwe mara mbili, siyo mara moja. Mara ya kwanza mweleze tuzo ni ipi, nani anaitoa, fomu inasomwa na watu wangapi, na jina likitangazwa linatangazwa wapi. Usimtake ajibu hapo hapo. Mwachie siku tatu au nne. Mara ya pili muulize haya, na majibu uyaandike:

Jina gani litumike kwenye fomu, na jina gani mbele ya watu? Picha ipi, au hakuna picha? Nani nyumbani au kazini hajui? Akifika fainali bila kushinda, je, yuko tayari jina lake litangazwe? Hili la mwisho watu hulisahau, na tuzo kadhaa hutangaza waliofika fainali miezi kabla ya mshindi. Mtu aliyekubali kushinda hajakubali bado kutajwa na kukosa, maana hatari ni ile ile na kinga ya tuzo haipo.

Kukubali kupendekezwa na kukubali kutangazwa ni ridhaa mbili. Zitenganishe kwenye karatasi.

---

Mwanafunzi wa Sheria DSM · #2

Asante sana mkuu kwa uzi. Maswali mawili: mtu anaweza kujipendekeza mwenyewe? Na hizi habari za "amependekezwa kwa Nobel" zina uzito gani kwenye wasifu?

---

Mama Karatasi · #3

Mwanangu, inategemea tuzo, ndiyo maana kanuni husomwa kabla ya kuandika neno hata moja.

Right Livelihood: yeyote anaweza kupendekeza, ila huwezi kujipendekeza, wala kumpendekeza ndugu wa karibu, wala shirika lako. Ukifanya kazi ofisi moja na mpendekezwa, mtafute mtu wa nje atie saini. Wao wana watafiti wao wanaochunguza kila jina kabla halijafika kwa majaji, kwa hiyo usiandike kitu ambacho mtafiti akipiga simu atakikosa.

Martin Ennals: jopo lake ni mashirika kumi ya haki za binadamu, yakiwemo Amnesty International, Human Rights Watch na Front Line Defenders. Maana yake ni kwamba wanaosoma fomu yako huenda tayari wana faili kuhusu mtu wako. Kama mwaka fulani alitoa ushahidi kwa mojawapo, taja tarehe na jambo lenyewe. Watalitafuta, watalikuta, na fomu yako itakuwa imejithibitisha.

Sakharov ya Bunge la Ulaya: jina huletwa na kundi la kisiasa bungeni au wabunge wasiopungua 40. Huna mbunge, huna njia.

Nobel ya Amani: wenye haki ya kupendekeza ni kama wabunge, mawaziri, maprofesa wa fani kadhaa zikiwemo sheria, historia na theolojia, na waliowahi kushinda. Mwisho ni 31 Januari, na kamati haitoi majina kwa miaka 50. Kwa hiyo "amependekezwa kwa Nobel" ni tamko la aliyependekeza, kamati haikuthibitisha chochote. Kwenye fomu ya tuzo nyingine usiliweke kama sifa. Msomaji mzoefu akilikuta anaanza kuyatilia shaka na yaliyobaki.

Na mpendekezwa si lazima awe mmoja wa jamii ya LGBT. Mwaka 2008 shirika ambalo leo linaitwa Outright International lilimpa Askofu Desmond Tutu tuzo kwa kuwasemea. Muuguzi, wakili, mzazi, mchungaji: wote wanafaa, na mara nyingi hao ndio wasiokumbukwa.

---

Nyundo ya Pili · #4

Naongeza kuhusu barua za kuunga mkono, maana hapo ndipo fomu nyingi zinapoanguka.

Barua mbaya unaijua kwa vivumishi: "shujaa asiyechoka, sauti ya wasio na sauti, mwanga gizani." Jaji anasoma makumi ya barua za namna hiyo na zote zinafanana. Barua nzuri ina kitendo, tarehe, mahali, na kilichobadilika baada ya hapo.

Linganisha barua mbili kuhusu David Kato, mwanaharakati wa Uganda aliyetajwa na gazeti lile la Rolling Stone. Hii ya kwanza: "David Kato alipigania bila woga haki za wanyonge." Na hii: "Gazeti lilipochapisha picha na majina, yeye na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu ya Uganda. Mahakama ikaamua kwamba gazeti limevunja haki zao, ikaliamuru kuacha, na kumlipa kila mmoja shilingi milioni 1.5." Ya pili haina sifa hata moja, lakini ukiisoma unamwona mtu akipanda ngazi za mahakama huku picha yake iko kila kibanda cha magazeti.

Kipimo ninachopendekeza: barua isizidi ukurasa mmoja na nusu. Aya ya kwanza iseme mwandishi anamfahamu vipi mpendekezwa na tangu lini. Aya mbili za kati, kila moja na tukio moja lililoelezwa hadi mwisho wake. Aya ya mwisho iseme tuzo itamsaidia kufanya nini kesho, kwa sababu majaji wengi wanauliza hilo. Barua mbili zisisimulie tukio moja. Gawana mapema: wakili aandike kesi, muuguzi aandike kliniki, jirani aandike mtaa.

Barua ya mtu aliyesaidiwa ina nguvu kuliko ya mkurugenzi, ila ndiyo inayohatarisha zaidi. Iandikwe kwa jina la kupanga, na uwaambie waandaaji kwamba jina halisi unalo wewe na hutalituma kwa barua pepe.

---

Shajara · #5

Nyundo, mfano wako wa David Kato ni mzuri, ila niwaonye wanaoutumia. Nimeziona fomu zinazosema "aliuawa kwa sababu ya orodha ya gazeti." Kilichothibitishwa ni hiki: alishinda kesi ile wiki chache kabla, akauawa kwa kupigwa nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011, na baadaye mwaka huo mtu mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Polisi walikana kwamba chanzo kilikuwa harakati zake, na wenzake wengi hawakukubaliana na polisi. Andika hivyo, pande zote mbili. Ukiandika zaidi ya hapo, jaji mmoja anayeijua kesi anatosha kuiangusha fomu nzima, na anayeumia ni mpendekezwa wako aliye hai.

Kwa asiyejua: ipo tuzo yenye jina la Kato, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 kwa Maurice Tomlinson, wakili wa Jamaika.

---

Bint Forodhani · #6

Jamani, na lugha. Wengi wetu tunakusanya ushahidi kwa Kiswahili kisha mtu anatafsiri usiku wa mwisho. Hapo mambo huharibika.

Pwani, mwanamke akisema "shoga yangu" anamaanisha rafiki yake wa kike, basi. Kwenye ushahidi, "alinisaidia shoga yangu Mwanaisha" ikitafsiriwa na asiyejua, Mwanaisha wa watu ametangazwa kitu ambacho hakusema. Mtafsiri awe mtu wa lugha, na aliyetoa maneno asomewe tafsiri kwa Kiswahili kabla haijatumwa.

Pili, huntha si aliyebadili jinsia. Fomu huwachanganya, na ni kazi mbili tofauti kabisa. Kenya iliwahesabu huntha kwenye sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja watoto huntha. Mtu aliyesukuma jambo hilo anaweza kupendekezwa hata kwenye tuzo za haki za watoto, ambako washindani ni wengine na hatari ya kutajwa ni ndogo zaidi. Fikirieni hilo kabla ya kukimbilia tuzo zenye upinde wa mvua.

Tatu, mpendekezwa aulizwe anajiitaje. Uganda wengi husema "kuchu" na wanalipenda. Mwingine hataki neno lolote zaidi ya jina lake. Jina alilolichagua ndilo liandikwe, hata kama fomu ina visanduku vyake.

---

Fundi Simu · #7

Mafaili, ndugu zangu.

Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hadi nyumba. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora, zinabaki. Na waandaaji wa tuzo wanataka picha kubwa, kwa hiyo watu hutuma kama dokumenti. Zima kwanza mahali kwenye kamera, au piga picha ya skrini ya picha hiyo na utume hiyo ya pili.

Halafu tazama picha kwa macho ya jirani. Dirisha lenye nondo za muundo fulani, bango la duka nyuma, sare ya shule ya mtoto iliyoanikwa kwenye kamba. Uso unaweza kufichwa na bado mtaa mzima ukajua ni wapi. Ukuta mtupu unatosha.

Dokumenti ya Word huhifadhi jina la aliyeiandika na, kama masahihisho hayajakubaliwa, kila kilichofutwa. Jina la kupanga juu, jina halisi ndani ya sifa za faili. Fungua sifa, futa, kisha uihifadhi kama PDF. Baada ya hapo fungua hiyo PDF na utazame sifa zake pia. Na jina la faili lenyewe lisiwe jina la mtu.

---

Mwanafunzi wa Sheria DSM · #8

Tukishapita hapo, akashinda. Sheria zetu zinasemaje kuhusu kutangaza?

---

Shajara · #9

Nchi kwa nchi, kwa kifupi, na bado atafutwe wakili wa huko.

Uganda: sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja inaadhibu "kuendeleza" mapenzi hayo kwa kifungo cha hadi miaka 20. Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024 iliondoa vifungu vichache, kikiwemo kile cha kulazimisha watu kuripoti, lakini kosa la kuendeleza likabaki. Shirika la Kampala likichapisha bango la pongezi linajiweka hatarini, na mpangisha ofisi anaogopa. Tangazo litolewe na mtoa tuzo, kutoka nje, na wa ndani wasilichapishe upya kwa jina la shirika. SMUG yenyewe ilisimamishwa na ofisi ya serikali ya mashirika Agosti 2022, miaka 11 baada ya Rafto. Heshima ya nje haikuizuia.

Kenya: vifungu vya kanuni ya adhabu vilibaki baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya 24 Mei 2019, lakini Mahakama ya Juu ilisema Februari 2023 kwamba kukataa kuliandikisha NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, kulivunja haki ya kuunda na kujiunga na mashirika. Nafasi ya kutangaza ipo kubwa zaidi, ila mtu anarudi kwenye mtaa, harudi kwenye mahakama.

Tanzania: adhabu ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30. Na mkumbuke Oktoba 2018, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipowataka wananchi wamtumie majina. Serikali ilijitenga na kauli hiyo, lakini watu walikuwa wameshahama nyumba. Kwa Tanzania ningependekeza tuzo ipewe kazi au kikundi kisichotaja mtu, au mtu atajwe kwa kazi yake pana: afya, VVU, msaada wa sheria.

---

Mama Karatasi · #10

Viza, maana tuzo nyingi hutolewa Geneva, Bergen, Stockholm, na zote ziko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45. Hesabu zile 45, usihesabu 15. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya tarehe ya kutoka huko, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Mtoa tuzo alipe vyote hivyo, na iandikwe kwenye mwaliko.

Sasa mwaliko wenyewe. Mara nyingi karatasi haziendi moja kwa moja ubalozini, zinapokelewa kwenye kituo cha kampuni, na anayezipanga ni mtu wa mji wenu. Mwaliko unaosema "mwanaharakati maarufu wa mashoga" unasomwa na huyo wa dirishani na pengine anayefuata foleni. Waombeni waandike "tuzo ya haki za binadamu." Ni kweli, na inatosha. Maelezo mengine yaende kwa ubalozi moja kwa moja, kutoka kwa mtoa tuzo.

Mtu asiye na mshahara wa kila mwezi hukataliwa kwa kukosa ushahidi kwamba atarudi. Barua ya shirika, mkataba wa nyumba, watoto shuleni, kesi inayoendelea anayoisimamia: hivyo vyote ni ushahidi. Viweke kwa mpangilio wa tarehe.

---

Mzalendo wa Majengo · #11

Naheshimu mchango wenu, lakini niseme la moyoni. Tuzo inamchagua mmoja kati ya kumi waliofanya kazi. Anapanda ndege, anarudi na hundi, na wale tisa wanabaki na mlango uliovunjwa. Mashirika yamegawanyika kwa sababu hiyo. Kwa nini tusikatae kabisa mfumo huu wa mtu mmoja?

---

Karani wa Zamu · #12

Kaka, hoja yako ni nzito na siipingi. Ila dawa yake ipo kabla ya fomu.

Kwanza, tuzo nyingi hupokea kikundi. Rafto ya 2011 ilitajwa kwa SMUG na Mugisha pamoja, siyo kwake peke yake. Na tuzo ya mwaka huo ya serikali ya Marekani kwa watetezi wa haki ilikwenda kwa muungano wa mashirika ya Uganda uliopinga mswada dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, bila kuchagua sura moja. Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao liwe "mtu au kikundi?", na liamuliwe na hao kumi.

Pili, fedha. Kabla ya kutuma, ukurasa mmoja, sahihi za wote: kiasi gani ni cha mtu binafsi, kiasi gani cha kazi, akaunti ipi, nani wawili wanatia saini, na akiondoka nchini fedha iliyobaki inakuwaje. Usiache kumwekea mtu binafsi fungu lake. Watu hudhani kutoa yote kwa shirika ni uadilifu, kumbe mtu huyo huyo ndiye atakayehama nyumba mwezi unaofuata, na kodi ya miezi sita hulipwa mkononi. Fungu la kuhama liandikwe kwa jina hilo.

Tatu, waelezeni waandaaji maneno ya kuandika kwenye muamala wa benki. "Tuzo" na namba ya mkataba. Jina refu la tuzo lenye neno LGBT linasomwa na kila karani hadi tawini.

---

Dirisha la Saba · #13

Kwa upande wa filamu, vigezo vya tuzo hufika hadi mahakamani. Filamu iitwayo Rafiki, ya Mkenya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018. Ili iweze kufikiriwa kuiwakilisha nchi kwenye Oscar, ilihitaji kuoneshwa hadharani nyumbani siku saba mfululizo. Septemba hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku hizo saba tu, kwa watu wazima, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwishowe Kenya iliwakilishwa na filamu nyingine, Supa Modo. Lakini hizo siku saba zilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyesoma kanuni za tuzo mstari kwa mstari, akampa wakili kitu cha kudai chenye tarehe na kipimo.

---

Bint Forodhani · #14

Na hotuba ya kupokea! Mtu amefichwa majina yote miezi tisa, halafu jukwaani, kwa furaha, anaanza: namshukuru dada fulani aliyetuficha chumbani kwake, namshukuru daktari fulani wa hospitali fulani. Yote mubashara kwenye intaneti, na rekodi inabaki. Hotuba iandikwe, isomwe na mtu wa pili mwenye jukumu moja tu: kila jina lililomo, je, mwenyewe ameulizwa? Shukrani za watu wa nyumbani zipelekwe nyumbani, kwa mdomo.

Tazameni pia kalenda. Tangazo lisiangukie wiki mswada unaposomwa bungeni.

---

Mwanafunzi wa Sheria DSM · #15

La mwisho kwangu. Nimemuuliza ninayemfikiria, amesema hapana. Faili lake nimeshalikusanya nusu. Nilihifadhi tu hadi mwaka ujao?

---

Fundi Simu · #16

Hapana, mkuu. Akisema hapana, muulize swali moja tu: lifutwe au akabidhiwe yeye? Akisema lifutwe, futa kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye barua pepe folda ya zilizotumwa, na kwa kila aliyetumiwa nakala. Kwenye Google Drive kitu ukikifuta kinakaa siku 30 kwenye pipa, kwa hiyo ingia kwenye pipa ulimwage. Kisha mjulishe kwamba limeisha, na umtajie ni nani wengine waliokuwa nalo.